Kiholanzi Bila Kutoka Meru

Ngari hakuja Meru kumwibia mtu. Tumpe haki yake. Alikuja kupiga simu, na foleni ya simu ndiyo iliyompa wazo.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na saba, katika duka la simu lililo nyuma ya soko. Mbele yake alisimama Riungu, mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta, mtu mnene wa kofia ya ngozi, akipiga kelele kana kwamba Amsterdam iko ng'ambo ya mto Kathita na upepo ni mbaya.

“Yes! Yes! Very yes!”

Akaweka simu chini akipangusa jasho. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akamvuta mkono wa koti.

“Wamesema nini, Riungu?”

“Wamesema yes.”

“Yes umesema wewe. Wao wamesema nini?”

“Wamesema Kiingereza kidogo, ati bei imeshuka. Halafu wakageukiana, wakaongea Kiholanzi chao, wakacheka.”

“Wakacheka nini?”

“Sasa mama Felicitas, ningejua, ningekuwa na sura hii?”

Ngari akasahau simu aliyokuja kupiga. Kwao Embu alikuwa fundi wa redio, na chini ya kitanda chake kulikuwa na kompyuta iliyofungwa blanketi. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Hendrik, Mholanzi wa mradi wa maji kule Mbeere, aliyekwenda kwao likizo ya miezi mitatu na kumwachia Ngari aitoe vumbi. Pamoja nayo aliacha diski mbili za kufundisha Kiholanzi. Alikuwa amezinunua kwa ajili ya mchumba wake, Winfred wa Chuka, ajifunze lugha ya wakwe kabla ya harusi. Winfred alizisikiliza alasiri moja tu, akaolewa na mwalimu wa hesabu.

“Samahani, wakubwa wangu,” Ngari akawaambia, akivua kofia. “Mimi nimesikia bila kusikiliza. Hicho kicheko mnachokiogopa, nina mashine ya kukitafsiri. Lakini si ya kukaa na kila mtu. Inataka watu wachache wenye kichwa.”

Riungu na Felicitas wakajinyoosha wote wawili, kila mmoja akijua ni nani anayesemwa.

Sasa naingia mimi, na naomba usinionee huruma. Jina langu ni Nyaga, mpiga chapa. Nilikuwa na taipureta yangu kwenye baraza karibu na stendi ya Meru, ambapo niliwaandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba mashamba na za kuomba msamaha. Taipureta hiyo ilikuwa na kilema kimoja: herufi A ilipanda juu ya mstari, kwa hiyo kila barua yangu ilionekana kama inatembea kwa magongo. Watu walinizoea. Ngari alinijia kwa sababu sote wawili ni wa Embu, na mtu wa kwenu ndiye unayemkopa bila aibu.

“Mtu wetu,” akasema, “nataka tangazo. Refu, lenye uzito. Malipo utapata ndani ya shule. Nakuingiza bure.”

“Shule ya nini?”

“Ya kuzama. Mtoto mchanga nani alimfundisha kuongea? Alinunua kitabu? Alizamishwa tu! Kelele asubuhi, kelele jioni, siku moja akaitisha uji. Sasa mimi nawazamisha watu wazima kwa kompyuta. Nje ya mlango ni Meru, ndani ya mlango ni Uholanzi. Na hizi taipureta, ndugu yangu, zitakufa. Mimi nakuokoa wewe wa kwanza.”

Niliguswa, lazima niseme. Niliandika tangazo hilo kama mtu anayeandika wosia wa chifu. Aliniambia niisifu mashine, basi nikaisifu: kompyuta halisi, rangi ya maziwa, yenye spika mbili, kipaza sauti, na kibandiko cha samaki wa bluu upande wa kushoto. Alicheka kuhusu samaki, akasema acha akae, anapendeza. Nakala zake zikabandikwa kutoka Kangeta hadi Embu mjini. Mkumbuke huyo samaki.

Riungu alikuwa wa kwanza kulipa. Alilipa taslimu, na alilipa mara mbili, ili mama Felicitas asiingie. “Tukijua wawili, nimefaidi nini?” alimwuliza Ngari. Ngari akamsifu kwa busara, akapokea, kisha akamfuata mama Felicitas nyumbani.

Mama Felicitas hakuwa na pesa za kutupa. Alikuwa na shamba dogo la miraa aliloachiwa na marehemu mumewe, binti yake Veronicah aliyekuwa kidato cha tatu, na mtamba mmoja mwenye mimba, mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyekuwa akilishwa kwa kaka yake huko Ruiri. Huyo mtamba ndiye aliyekuwa karo ya Veronicah hadi amalize shule. Hakukuwa na mwingine nyuma yake. Ngari akamtaka huyo huyo.

Waliandikiana mbele yangu, barazani kwangu.

“Mtamba wangu nitamtoa,” mama Felicitas akasema, “siku Mholanzi mwenyewe ataketi mbele yangu aseme nimejua. Sio wewe useme, kijana. Yeye.”

“Mtahini anakuja kwa ndege, mama. Andika hivyo, Nyaga.”

“Na wewe unatupa kanuni tatu kali za darasani, lakini kanuni yako wewe ni gani?”

Hapo Ngari akavimba. Watu walikuwa wamejaa kusikiliza, na yeye akiona watu hushindwa kujizuia. “Andika, Nyaga! Kanuni ya nne: mwalimu akisikika ndani ya darasa akisema lugha yoyote isipokuwa Kiholanzi, kila kitu alichopokea kitarudishwa kwa wanafunzi siku hiyo hiyo.” Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kisha nikapiga chapa.

Alikuwa na hila yake. Hakukusudia kukanyaga ndani ya darasa hata siku moja.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba nyuma ya duka la nafaka, lile lenye baraza langu. Tulikuwa kumi na mmoja. Siku ya kwanza Ngari alisimama kizingitini, miguu yake nje, akaelekeza kidole kwenye kipaza sauti kilichokuwa juu ya meza.

“Hicho kinasikia kila neno. Ukisema Kimeru, Kiswahili au Kiingereza, mashine inakasirika na kufunga masomo. Haijui mchezo.”

Waya wa hicho kipaza sauti ulikuwa umeingia chini ya meza na kuishia hapo hapo, kwenye mguu wa meza. Niliuona kwa macho yangu wiki ya pili. Nikajiambia labda ndivyo vya kisasa vilivyo.

Kisha akatoa diski nyingine, siyo ya kompyuta. Nani aliyesoma shule ya msingi kwetu asiyeijua? Kibao cha mbao chenye kamba. Ukisema lugha ya mama unavishwa shingoni, unakaa nacho hadi umnase mwenzako akisema, umvishe yeye, na atakayelala nacho anaadhibiwa. Mimi nina miaka arobaini na minane, nina wajukuu, na nilipokiona hicho kibao mkojo ulinibana. Adhabu ilikuwa kilo moja ya sukari. Kufikia mwisho wa mwezi Ngari alikuwa na sukari ya kufungua duka.

Tukazama. Kwenye skrini alikuwapo mwanamke wa nywele za manjano, aliyenunua jibini, akapanda gari moshi, akalalamika kuhusu mvua, kisha akanunua jibini tena. Hakutafsiri neno. Alionyesha picha, akasema, akanyamaza, akatungoja. Usiposema vizuri alirudia kwa upole uleule, mara arobaini, bila kukuita mjinga. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitendea hivyo. Wiki ya kwanza tulikuwa tukikohoa tu, maana lugha hiyo inaanzia kooni. Wiki ya pili Felicitas aliomba dirisha lifunguliwe, na watu wakafungua dirisha kabla ya kugundua kwamba ameomba kwa Kiholanzi. Stima ilipopotea hatukutoka. Tulibaki gizani mchana kweupe, mapazia yamefungwa, tukiuziana jibini lisilokuwepo na kugombania bei, huku diski ikizunguka kutoka shingo hadi shingo. Shingo ya Riungu ndiyo iliyoipenda zaidi. Hakuweza kukaa dakika tano bila kusema bei ya kitu kwa Kimeru.

Wakati huo wote mwalimu wetu aliketi nje barazani, akitafuna njugu na kuvizia nani amevishwa diski. Ndani ya wiki saba hakusikiliza hata somo moja. Na kwa nini asikilize? Yeye alijua kwamba ni uongo.

Mtahini, bila shaka, hakuwapo. Mpango wa Ngari ulikuwa kutangaza siku ya mahafali, kusoma barua kutoka kwa mtahini aliyekwama Nairobi, na kugawa vyeti. Ijumaa ya kesho yake angekwenda mnadani Ruiri kuuza mtamba wa Felicitas na mbuzi walioahidiwa na wengine, halafu asionekane tena. Nani aliandika barua ya mtahini? Mimi. Aliniambia Mholanzi ameisoma kwa simu. Nilimwuliza mbona jina la mtahini linafanana na la kiwanda cha maziwa, akaniambia kwao ni jina la kawaida.

Usiku wa kuamkia mahafali mama Felicitas hakulala, aliniambia mwenyewe asubuhi. “Nyaga, kama huyo kijana ni mwongo, Veronicah anarudi nyumbani kuchuma miraa ya watu. Moyo wangu unaniuma.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi, karatasi zote nimeandika mimi. Sijui kwa nini nilifikiri hilo litamtuliza.

Saa nane mchana tukaketi darasani na nguo za kanisani. Chai ilikuwa ikichemka kwenye jiko la makaa pembeni. Niliiacha taipureta yangu nje barazani, nikimwomba Ngari aiangalie. Ndiyo, Ngari. Endelea tu kusoma.

Ngari alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kizingitini ili aisome barua, gari la mradi wa maji likasimama mbele ya duka. Akashuka mzungu mrefu, amechomwa na jua hadi masikioni, mkononi ameshika tangazo langu lililobanduliwa ukutani huko stendi ya Embu. Alikuwa amerudi kutoka likizo wiki mbili mapema. Akampita Ngari bila kumtazama, akaingia ndani, akamwona samaki wa bluu upande wa kushoto.

Ngari akawa na rangi ya majivu. Sisi tulidhani ni heshima.

Hendrik alifungua kinywa kukasirika. Mtu alikuwa na kila haki. Lakini kabla hajatoa sauti, watu kumi na mmoja wa Kangeta, Ruiri na Meru mjini wakasimama kwa pamoja, viti vikikwaruza sakafu, wakamtakia mchana mwema kwa Kiholanzi.

“Goedemiddag, meneer!”

Hasira ikakwama njiani. Mama Felicitas akamvutia kiti, akamwambia kwa Kiholanzi aketi, akamwuliza kama huko nje mvua imemsumbua. Hakukuwa na mvua. Lakini sentensi ilikuwa kamili, na mzungu yule akaketi taratibu kama mtu aliyesikia mama yake akimwita kutoka jikoni.

Wakaongea. Sitajifanya nilielewa yote. Mimi nilikuwa hodari kwenye jibini. Lakini nilielewa ya kutosha. Hendrik aliuliza ni nani aliyeileta kompyuta yake hapa. Mama Felicitas akauliza, kompyuta yako? Akaambiwa yangu, kabisa, na diski zangu, nilizomnunulia mchumba wangu. Mama Felicitas hakupepesa jicho. Akamimina chai. Kwa sauti ile ile ya kununua jibini akamwambia: mtu wako ni yule anayecheka mlangoni. Usimtazame. Ana karatasi ya ng'ombe wangu. Nisaidie kwanza mimi, halafu nitakusaidia wewe.

Ngari mlangoni alikuwa anacheka kweli, meno yote nje. Aliwaona wanaongea kwa upole, akaona Hendrik anaitikia kwa kichwa, anakunywa chai, na ile hofu ikaanza kumtoka. Alitaka kuingia aulize. Aliona kanuni ya nne ukutani, kwa chapa yangu. Akafunga mdomo.

Mama Felicitas akamwashiria kwa mkono: karatasi. Kisha akaonyesha kalamu katika mfuko wa shati la Hendrik, akafanya kama mtu anayetia sahihi. Hendrik akaitikia, akatabasamu.

Ungemwona Ngari! Mzungu wa kweli, katika kiti cha mtahini, yuko tayari kusaini! Tamaa ikaishinda akili. Kwa mara ya kwanza akavuka kizingiti, akatembea kwa vidole vya miguu hadi mezani, akatoa bahasha ya makubaliano yetu yote kutoka ndani ya mkoba wa pesa uliokaa begani, akaikabidhi kwa mikono miwili, ameinama.

Hendrik akampa mama Felicitas. Mama Felicitas akaitazama, akahakikisha karatasi ya mtamba imo, akainua sufuria ya chai kwa upindo wa kanga, akaiweka bahasha juu ya makaa.

Ngari akapiga yowe. Lilikuwa yowe la Kiembu, Kiembu safi cha nyumbani, na ndani yake alimtaja mama yake, mbuzi saba, na swali kwangu mimi binafsi: Nyaga, hawa watu wanafanya nini?

Riungu, aliyekuwa amevaa diski tangu asubuhi, aliivua polepole kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwenye uso wa mtu mzima, akamvisha mwalimu. Mama Felicitas alionyesha ukutani tu, kanuni ya nne. Kisha akaonyesha mkoba.

“Mama, hiyo ilikuwa ya kunogesha tangazo,” Ngari akasema, sasa kwa Kiswahili. “Nyaga, waambie! Ulikuwepo!”

“Nilikuwepo,” nikasema kwa Kiholanzi. Ndiyo sentensi bora niliyowahi kuisema katika lugha yoyote.

Riungu akasimama, na Riungu akisimama hakuna mlango. Mkoba ukashuka. Kila mtu akapata chake, na Riungu akapata mara mbili huku wote tukimtazama, hasa mama Felicitas, hadi ikabidi aeleze ile ya pili ilikuwa ya nini. Katika makelele hayo, na kugawana sukari, na Hendrik kuuliza ni nani atakayembebea kompyuta hadi kwenye gari, na mama Felicitas kumwomba kwa Kiholanzi atuachie hadi mwisho wa mwezi kwa sababu bado hatujamaliza sura ya sokoni, na Hendrik kucheka na kukubali, hakuna aliyemwona Ngari akitoka.

Jumatatu tulikwenda wote kwenye duka la simu. Mama Felicitas akapiga mwenyewe. Mtu wa Amsterdam akasema Kiingereza chake, bei imeshuka tena, pole sana. Kisha akageukia wenzake, wakaongea, wakacheka. Mama Felicitas aliwangoja wamalize, kama tulivyofundishwa, akasema polepole kwa Kiholanzi:

“Hiyo haitoshi, bwana. Nitakwenda duka jingine.”

Ilikuwa sentensi ya jibini. Kicheko kikakatika, na mtu wa Amsterdam akaanza kutaja bei upya, kwa Kiholanzi, akipanda. Aliporudisha mkono wa simu mahali pake, mama Felicitas alikuwa analia na kucheka pamoja. Alikuwa amepata bei ambayo hajawahi kuiona, na mtamba wake bado anakula nyasi Ruiri.

“Sasa tuambie,” Riungu akamsihi. “Siku zote wamekuwa wakicheka nini?”

“Wewe,” akasema. “Ati unaitikia kabla hawajauliza.”

Riungu akafungua kinywa aseme kitu. Akaitikia tu.

Nami? Mimi ndiye pekee ambaye sikulipa kitu, kwa hiyo sikurudishiwa kitu. Nilipotoka nje hadi barazani siku ile ya mahafali nilikuta meza yangu, kiti changu, na mraba msafi usio na vumbi mahali taipureta ilipokuwa. Tangu hapo naandika barua za watu kwa mkono. Kiholanzi ninacho, asanteni. Sijakutana na mtu anayehitaji barua ya Kiholanzi katika baraza la stendi.

Mwezi wa kumi Veronicah alikwenda mashindano ya shule huko Embu. Akaniletea karatasi aliyoikuta imebandikwa mlangoni pa kinyozi. Chuo kipya, kuzama kwa kompyuta, Kijapani katika wiki sita, nafasi chache. Sikuhitaji kuuliza mwenyewe ni nani. Kila A katika karatasi ile ilipanda juu ya mstari, inatembea kwa magongo, na machozi yalinilengalenga kana kwamba nimemwona mtoto wangu katika nguo za watu.

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mdogo: wanafunzi wa zamani wa Meru, nusu ada.

Niliikunja, nikaiweka mfukoni. Nitakwenda kumshika kwa shati, nikamwambia mama Felicitas. Nitairudisha taipureta yangu.

“Nenda,” akasema. “Lakini mbona unabeba daftari?”